Barua na muhuri ofisi ya kijiji, ng'ambo ya Busisi: nyota tatu, mbili ni za mzee wa kitongoji

Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Meza yangu ikilala siku moja najua nimepoteza shilingi ngapi, na wiki iliyopita ililala siku mbili. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada, ametimiza miaka 18, na fomu yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ilitaka saini na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Kijiji sikitaji, mama yangu bado anaishi pale.

Safari haina lawama. Zamani kivuko kilikuwa kinakula asubuhi nzima. Tangu daraja la JP Magufuli lizinduliwe Juni 2025, zile kilomita tatu za maji unazivuka kabla hujamaliza karanga ulizonunua Kigongo.

Ofisini tulikuta kufuli. Ubaoni kulikuwa na tangazo la mkutano mkuu wa kijiji, wino umekwajuka hata tarehe haisomeki. Binti anayeuza vitumbua pembeni akatuambia mtendaji anakaimu na kijiji cha pili, na muhuri anatembea nao mkobani. Yaani ofisi ni pale alipo yeye.

Kesho yake tukakaa kuanzia saa mbili, akafika saa tano na bodaboda. Kijana mpole, amechoka. Akafungua daftari la wakazi, akashusha kidole ukurasa baada ya ukurasa. "Huyu si mkazi wetu, mama."

Mpwa anavua dagaa. Siku za giza yuko dago, yaani kambi ya wavuvi, kisiwani Kome. Mwezi ukiangaza anarudi kwa bibi yake. Sensa ya 2022 haikusumbuka na hilo, ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Daftari la kijiji kazi yake ni nyingine: liseme nani ni wa hapa, hata kama jana kalala majini. Lile nililoliona limeandikwa siku moja kwa mwandiko mmoja, likaachwa. Mpwa hayumo, ila marehemu babu yangu yumo, namba 41.

Tukatumwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Tulimkuta uani anageuza michembe, viazi vitamu vya kukausha, juani.

"Mwangaluka, bhabha."

"Mwangaluka, mayu." Kisha akamgeukia kijana: "Si wewe uliyeanguka kwenye mwembe wangu ukavunjika mkono?"

Akaingia ndani, akatoka na kaunta buku iliyovalishwa gazeti. Kaya kwa kaya, yote kwa penseli. Nikamuuliza kwa nini penseli, akasema watu wanahama, wanazaa, wanakufa, kalamu ya wino utafutaje? Walioko dago amewawekea herufi D pembeni ya jina. Mpwa wangu alikuwa na D mbili, moja imefutwa. Mzee huyu tulimpa kura Novemba 2024 na mshahara hana. Mwenye mshahara ni yule wa mkobani.

Kwa kikaratasi chake tukapata saini. Muhuri ukagoma, pedi imekauka. Mtendaji akadondoshea maji ya chupa, akagonga, ikatoka nusu ya jina la kijiji. Akagonga tena juu yake. Halafu: "Elfu tano ya karatasi, mama." Nikaomba risiti. Akacheka kidogo, akasema basi, nendeni.

Ukiwa na shida kama yangu, anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, nenda jioni akiwa nyumbani, ndipo umtafute mtendaji, na umpigie simu kabla hujapanda gari. Mdogo wake mpwa ana miaka 16. Zamu yake ikifika, pedi ya wino natoka nayo Kirumba.