Fenibelti inalia: ununue ipi, na lini usinunue kabisa

Mwezi wa saba asubuhi za Dodoma ni za baridi, na ndipo gari la zamani linapoamsha majirani. Unapiga stata, injini inashika, halafu chini ya boneti unatoka mlio mkali, mrefu, wa kuchoma masikio. Baada ya dakika moja unanyamaza wenyewe, nawe unaenda zako kazini ukijiambia utaangalia jioni.

Corolla yangu ya injini ya 5A ilinifanyia hivyo hapa Ipagala. Mlio ulikuwa wa fenibelti, yaani mkanda wa mpira unaozungusha alteneta (inayochaji betri) na pampu ya maji. Ndani ya wiki tatu nilinunua mikanda miwili, na yote ilikuwa mizima. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ndiyo iliyokuwa inavuja, oili inatiririka hadi kwenye mkanda. Wa kwanza ukalowa, na wa pili nao ukalowa. Fundi aliniambia, "Dada, mkanda huu umekwisha," nami nikatoa hela bila kumuuliza umekwishaje.

Kwa hiyo nimepanga njia za kumaliza mlio kuanzia bora hadi mbaya, na nafasi ya kwanza ni kutonunua kitu. Kaza mkanda ulio nao, safisha, tafuta sababu.

Anza na lini unalia. Ukilia asubuhi tu, kumbuka kwamba stata imekula chaji ya betri, na alteneta inafanya kazi nzito kuirudisha. Mkanda uliolegea unateleza hapohapo. Washa taa kubwa na AC kwa pamoja, mlio ukirudi ujue ni kuteleza. Ukilia unapokunja usukani hadi mwisho, angalia mkanda wa pampu ya usukani, kwa magari yenye pampu hiyo.

Halafu fanya jaribio la maji. Injini ikiwa inaunguruma, funga mtandio vizuri, kunja mikono ya nguo, simama mbali na feni, kisha nyunyiza maji kidogo upande wa mkanda wenye mistari. Mlio ukizidi, mkanda umelegea au tenshena (kifaa kinachoukaza) imechoka. Ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, puli, yaani magurudumu yanayopitiwa na mkanda, hazijakaa mstari mmoja. Maji yasipobadilisha chochote, na sauti ni ya kukwaruza zaidi kuliko kulia, shuku beringi. Hapo zima gari, mkanda utolewe, kila puli izungushwe kwa mkono: ya alteneta, ya pampu ya maji, ya kompresa ya AC. Inayokwaruza au kuchezacheza ndiyo mgonjwa wako, na mkanda mpya hautaiponya.

Kukaza kwenyewe ni kazi ya spana namba 12 na 14 kwa Toyota nyingi za umri huu. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu kati ya puli mbili. Ukibonyea kama sentimita moja, umefika. Usimwache fundi akaze mpaka uwe kama waya wa gitaa. Mlio utaisha, ndiyo, lakini beringi za alteneta na pampu ya maji zitakufa mapema, na hizo ni ghali mara nyingi kuliko mkanda.

Kama kweli mkanda umechoka, nafasi ya pili naipa mkanda mpya wa kampuni ya mikanda inayojulikana: Bando, Mitsuboshi, Gates. Hapa ndipo ningeweka hela yangu bila kusita. Nenda dukani na namba, siyo na jina la gari. Mgongoni mwa mkanda utakuta maandishi kama 4PK880. Hiyo 4 ni idadi ya mistari, PK ni aina ya mistari yenyewe, na 880 ni urefu kwa milimita. Maandishi yakiwa yamefutika, peleka mkanda wa zamani, lakini kwanza hesabu mifereji ya puli kwenye gari lako. Magari yetu yamebadilishwa vitu vingi. Unaweza kukuta alteneta ya gari lingine yenye puli ya mistari mitano, na aliyekutangulia alifunga mkanda wa minne. Uliza pia kama ni wa mpira wa EPDM. Mikanda ya zamani ilikuwa inapasuka nyufa ukaona kwa macho. Ya EPDM inalika polepole kama tairi, inaonekana mizima kumbe mistari imeshakuwa myembamba. Usidanganyike na kukosa nyufa.

Mkanda wenye nembo ya Toyota yenyewe nauweka wa tatu kwa sababu moja tu, bei. Kwa ubora hauna shida. Hela ikiwepo, chukua.

Wa nne ni wa mtumba, uliotolewa kwenye injini iliyoshushwa. Hujui ulitembea kilomita ngapi, wala kama ulilowa oili. Nimewahi kuutumia kwa dharura, na kwa dharura tu nitautumia tena.

Wa mwisho ni mkanda usio na jina, maandishi yamefifia kabla hata haujafungwa, harufu ya mpira inakupiga ukifungua pakiti. Kundi hilohilo naweka dawa ya kupuliza kwenye mkanda na sabuni ya kipande ya kuupaka. Mlio unanyamaza siku mbili tatu, kisha kile kinachonata kinashika vumbi. Na vumbi letu la kuanzia mwezi wa nane, upepo ukishaanza, halihitaji kusaidiwa.

Bei zinatofautiana duka hadi duka, hivyo uliza matatu kabla ya kulipa. Namba yako ikikosekana mjini, mwenye duka anaagiza Kariakoo na mzigo unakuja na basi hadi stendi ya Nanenane. Subiri hiyo siku moja kuliko kukubali urefu "unaokaribiana". Mkanda mfupi sana hautaingia, mrefu utaishiwa nafasi ya kukazwa, nawe utarudi kwenye mlio uleule.

Nasisitiza haya kwa sababu kwenye injini ya 5A, na kwenye ile ya 1NZ ya akina Toyota IST, mkanda huu ndio unaozungusha pia pampu ya maji. Ukikatika, taa ya betri inawaka kwanza, kisha mshale wa joto unapanda. Fikiria uko njia ya Iringa, umeshapita Mtera, jua la saa saba. Ukiona taa hiyo na mshale vikienda pamoja, egesha na uzime papo hapo. Hiyo kilomita moja ya "nifike pale mbele" inaweza kuua silinda hedi, sehemu ya juu ya injini.

Ukifunga mpya, puli zifutwe oili na vumbi kwanza, na palipovuja pazibwe siku hiyohiyo. Baada ya siku chache za kutembea rudi ukapime tena kwa kidole gumba, maana mkanda mpya hulegea kidogo ukishakaa. Ule wa zamani, kama haujalowa oili, uweke kwenye buti pamoja na spana zako mbili.