Jiwe liligoma kubadilika, shingo ikabadilika

Nianze na shingo, maana ndiyo iliyonichafua roho hadi nikaamua kuandika. Tulikuwa harusini, ukumbi umejaa, feni mbili zinazungusha joto lilelile, jasho linanitiririka. Shangazi akanivuta pembeni. "Mama, umejipaka nini hapo?" Nikakimbilia chooni kwenye kioo. Mstari wa kijani umenizunguka shingo nzima, kijani cha sarafu ya zamani iliyosahauliwa kwenye maji. Nikafuta na tishu, ukatoka kidogo. Nikafuta na mate, ndiyo nikausambaza. Picha zote za siku ile nimeinamisha kidevu kama bibi harusi ni mimi.

Mkufu huo niliuuziwa kama mkufu wa kubadilika rangi. Kwa hilo siwezi kusema nilidanganywa.

Habari yenyewe ni hii. Mimi ni wa Juni. Wale waliogawa mawe kwa miezi ya kuzaliwa wametupa watu wa Juni lulu, na jiwe moja linaitwa aleksandriti, ambalo mchana ni la kijani na kwenye mwanga wa mshumaa linakuwa jekundu. Watu wa Desemba wana tanzanaiti yetu, waliingiziwa kwenye orodha mwaka 2002, na dada zangu wa Desemba hawaachi kutukumbusha. Nikasema na mimi nipate langu. Kaka mmoja anauza kwa simu, ana kijiduka Kariakoo, picha zake zinavutia: jiwe lilelile mara mbili, kijani huku, jekundu kule. Elfu arobaini na tano, na bodaboda juu yake. Nikatuma.

Lilipofika, mchana lilikuwa na rangi ya buluu iliyochanganyika na majivu, kama moshi wa mkaa unaokaribia kuwaka. Kijani sikukiona, nikajipa moyo. Usiku nikalipeleka chini ya taa ya sebuleni: buluu. Jikoni: buluu. Nikaliwashia tochi ya simu, nikaligeuza mbele na nyuma kama mtu anayekagua noti: buluu. Siku tatu nzima kila nikiwasha taa mume wangu anauliza, "Limekuwaje?" Siku ya nne akaacha kuuliza, na hiyo iliniuma zaidi.

Nikampigia muuzaji, kwa heshima kabisa. "Kaka, samahani, hili jiwe halibadiliki." Akacheka. Akacheka kwanza! Halafu: "Dada angu, hayo mawe yanasoma nyota ya mtu. Labda nyota yako imefifia." Nyota yangu! Mtu amepokea hela yangu, badala ya kunijibu habari ya bidhaa ananipigia ramli bila hata kufukiza ubani. Nilipomwambia nataka kurudisha, akaandika: "Umeshavaa, umeshafaidi. Ulitaka jiwe la malkia kwa elfu arobaini?" Elfu arobaini na TANO, kaka. Kisha akanifungia namba.

Hapo hukumu yangu ilikuwa imeshaandikwa: tapeli, msinunue, mwisho. Ningeiandika hivyo siku ileile ya harusi ningekuwa na amani sasa hivi.

Ila nilienda Arusha kumwona mjomba. Mjomba alikuwa mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanaiti, Mirerani enzi zake, baadaye akawa dalali wa mawe, na lupu yake, kile kioo kidogo cha kukuzia mawe, bado anatembea nayo mfukoni kama wengine wanavyotembea na tasbihi. Nikamtolea mkufu kwa hasira, nikitegemea atautupa. Akausogeza dirishani, akafumba jicho moja, akakaa kimya mpaka chai ikapoa.

"Mama, hii si aleksandriti," akasema. "Hii ni safaya ya kiwandani. Njoo uone." Ndani ya jiwe kulikuwa na mistari iliyopinda, myembamba, kama ile ya sahani ya santuri. Akasema jiwe la ardhini halikui kwa mistari ya kupinda namna ile, hiyo ni alama ya jiwe lililoyeyushwa kwa moto na kudondoshewa tone juu ya tone. "Aleksandriti inatoka hata hapa kwetu, upande wa Manyara na kule Tunduru. Ila kwa elfu arobaini na tano hata kuishika hawakupi."

Nikamuuliza, sasa mbona hata kubadilika halibadiliki? Akaniuliza, nyumbani una taa gani? Nikamwambia zile nyeupe za kisasa. Akatikisa kichwa, akawasha mshumaa, akafunga pazia.

Likageuka. Mbele ya macho yangu, ile buluu ya moshi ikawa zambarau, na simaanishi rangi tu, namaanisha zambarau zenyewe, zile za kuokota chini ya mti na kupaka ulimi. Nilishika mdomo. Mjomba akasema jiwe hilo lina milango miwili, mwanga wa jua unabisha hodi mlango wa buluu, mwanga wa moto unabisha ule wa wekundu. Taa zangu nyeupe na tochi ya simu zinafanana na mchana, kwa hiyo jiwe lilikuwa linajibu sawasawa muda wote. Tanzanaiti ni habari nyingine, akasema, ile unaigeuza yenyewe mkononi ndipo unaona buluu upande huu na urujuani upande ule, taa ikiwa ileile.

Kwa hiyo jiwe halina kosa. Bovu ni cheni: shaba iliyochovywa rangi ya dhahabu, jasho likaila, ikanilipa shingoni. Mjomba alikagua kifungio, hakuna hata muhuri wa 925, ule wa fedha halisi. Nimenunua cheni ya fedha kwa sonara, jiwe nimelihamishia huko, na gharama imepita bei ya mkufu wenyewe. Sasa nauvua kabla ya losheni na manukato, nausugua kwa mswaki laini na maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, naukausha kwa kanga kuukuu, nauweka kwenye kifuko chake peke yake kwa sababu safaya inakwaruza karibu kila kitu kilicho jirani. Mjomba amenionya kwamba tanzanaiti haivumilii hata hayo yote: maji ya moto halafu baridi ghafla, inaweza kupasuka.

Je, ninapendekeza? Jiwe, ndiyo, naona haya kusema ndiyo. Umeme ukikatika siku hizi nakimbilia kioo kabla ya kutafuta tochi. Lakini angeniambia tu, "Dada, hili la kiwandani, lijaribu kwenye mshumaa," ningemlipa hata elfu hamsini na kumletea wateja ofisi nzima. Badala yake nyota yangu imefifia! Nikikumbuka hapo natamani kufuta hiyo ndiyo.

Mdogo wangu wa Desemba ameuona mkufu. Anauliza kama yule kaka ana tanzanaiti ya elfu arobaini. Namba ninayo. Ujumbe wake una siku nne sasa, sijaujibu.