Noti za dharura za miji ya Ujerumani: za picha au za mfumuko wa bei?

Anayeanza kukusanya Notgeld, yaani noti za dharura zilizotolewa na miji ya Ujerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, huuliza kama aanze na seti zenye picha za 1921 na 1922 au na noti za mfumuko wa bei za 1923.

Kwa uzuri, seti za picha hazina mpinzani: Hameln, kwa mfano, ilichapisha hadithi ya mpiga filimbi na panya wake. Bei ya aina zote mbili kwa kawaida ni nafuu.

Kwenye ushahidi wa historia mizani hugeuka. Seti nyingi za picha zilichapishwa ili ziuzwe kwa wakusanyaji, hazikununua hata mkate, na ndiyo maana hadi leo nyingi ni safi (usafi unaonitia shaka kidogo). Noti ya 1923 mara nyingi imechapishwa upande mmoja tu, imekunjwa mara nne, na thamani mpya ya mamilioni imegongwa juu ya ile ya zamani. Novemba mwaka huo, Rentenmark moja, yaani fedha mpya ya Ujerumani, ilihesabiwa sawa na marki trilioni moja za karatasi.

Utunzaji ndio udhaifu wa noti za 1923, kwani karatasi hafifu huchanika kwenye mikunjo. Mwalimu wa historia atafaidika zaidi na hizi zilizochakaa. Anayetaka albamu ya kupendeza, bila kuhangaikia mikunjo, achukue seti za picha, mradi zimetimia.