Kipima chumvi cha kununua kwa mabwawa ya maji ya bahari: vinne, kuanzia kilicho bora

Maji ya bahari ya wazi katika pwani yetu huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji, lakini maji ya bwawa lililochimbwa nyuma ya mikoko hayatulii hapo. Jua la kaskazi likiyakausha kwa siku nyingi bila maji mapya kuingia, kiasi hicho huweza kupita 40, na mvua za masika zikimiminika huweza kushuka chini ya 20 kwa muda mfupi. Samaki aina ya mwatiko hustahimili mabadiliko hayo. Jongoo bahari wa mchangani hayastahimili, na mwani mnene hudhoofika pale joto na chumvi vinapobadilika kwa ghafla. Kwa kuwa ulimi wa mtu hauwezi kutofautisha 28 na 35, mfugaji anahitaji kifaa, na madukani vipo vya aina nyingi vinavyofanana kwa sura.

Nimevipanga vifaa vinne kwa kigezo kimoja tu: ni kipi kitakachokupa namba ya kuaminika ukiwa umesimama kando ya bwawa saa saba mchana. Mwenye kazi ya ndani ya jengo, kama vile kutotolesha vifaranga kwenye matangi, atapata mpangilio tofauti, nami nitaueleza nikifika hapo.

Nafasi ya kwanza naipa refraktomita ya kidijitali ya mkononi. Kifaa hiki hupima jinsi mwanga unavyopinda unapoingia katika matone machache ya maji yaliyowekwa kwenye kisima kidogo cha chuma chenye kioo chini yake. Maji matupu ya nyuzi 20 za Selsiasi yana kipimo cha mpindo cha 1.3330, na maji ya bahari yenye chumvi 35 yana takriban 1.3394, kwa hiyo habari yote ya chumvi imo ndani ya tofauti hiyo ndogo. Hapo ndipo joto linapoingilia kati: maji yaleyale yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 30, mpindo hupungua kwa takriban 0.001, na kosa hilo, lisiporekebishwa, ni sawa na kupoteza karibu gramu 6 za chumvi katika kila kilo. Ndiyo maana namshauri mnunuzi aangalie kwanza kiwango cha joto ambacho kifaa kinaweza kukirekebisha, kabla hajaangalia bei wala urembo wa kioo cha namba. Modeli ya Hanna HI96822 hurekebisha joto kuanzia nyuzi 10 hadi 40, wakati refraktomita nyingi za kutazamia kwa jicho huishia nyuzi 30. Maji ya kina kifupi katika pwani yetu huvuka nyuzi 30 mara kwa mara, na kwangu mimi tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua.

Modeli hiyo, pamoja na Milwaukee MA887 inayofanana nayo kwa kazi, hupima chumvi kuanzia 0 hadi 50 na kuonyesha jibu kwa namba baada ya sekunde chache. Haitegemei macho ya mpimaji. Katika kikundi cha watu watano wanaopokezana zamu, wakiwemo wenye uoni hafifu, faida hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana katika tangazo, kwa sababu daftari la vipimo linakuwa na namba zilizosomwa kwa namna moja.

Hata hivyo, ni lazima niseme wazi jambo ambalo wauzaji hulipita haraka. Usahihi unaotajwa na watengenezaji wa modeli hizi mbili ni kuzidi au kupungua kwa 2. Kifaa kikionyesha 33, ukweli unaweza kuwa 31 au 35. Kwa bwawa la mwatiko au kaa, kosa hilo halina madhara. Kwa matangi ya mabuu ni kubwa mno. Namba inayong'aa kwenye kioo isimfanye mtu aiamini kuliko inavyostahili.

Mtego mwingine uko katika jina la modeli. Hanna hutengeneza HI96821, ambayo kwa umbo ni pacha wa HI96822, lakini imekusudiwa kupima chumvi ya kawaida katika vyakula. Zipo pia nyingine za umbo hilohilo zinazopima sukari katika matunda na mvinyo. Maji ya bahari yana magnesi, salfati na madini mengine yanayopinda mwanga tofauti kidogo na chumvi ya mezani, hivi kwamba maji ya bahari ya 35 husomeka takriban 36.5 kwenye kipimo cha chumvi ya mezani. Mwambie muuzaji akutumie picha ya namba ya modeli kabla hujalipa.

Tofauti hiyohiyo, kwa bahati njema, inatupa njia nafuu ya kukagua kifaa. Changanya gramu 36.5 za chumvi kavu ya mezani na gramu 963.5 za maji safi yasiyo na madini. Refraktomita iliyotengenezwa kwa maji ya bahari inapaswa kusoma karibu na 35. Kabla ya hapo kifaa husawazishwa kwenye sifuri kwa maji hayo safi. Huku kwetu maji hayo hupatikana kama maji ya kujazia betri za magari, lakini uwe mwangalifu sana dukani, kwa sababu chupa ya asidi ya betri huwekwa rafu moja nayo, na asidi itaharibu kifaa na kukuunguza mkono. Kusawazisha kwenye sifuri peke yake hakutoshi, maana kifaa kinaweza kuwa sahihi chini na kukosea juu.

Ya pili ni refraktomita ya kutazamia kwa jicho, ile yenye mpaka kati ya buluu na nyeupe. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kidijitali, haihitaji betri, na nyingi hufika hadi 100. Mfugaji mmoja mwenye macho mazuri, anayepima asubuhi kabla jua halijakolea, atahudumiwa vizuri nayo kwa miaka. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya maji ya bahari, weka matone, funga kifuniko, kisha subiri nusu dakika ili maji yalingane joto na kioo.

Ya tatu ni kalamu ya kupima kwa umeme, yaani inayopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Mfano ni Hanna HI98319, ambayo watengenezaji wanautaja usahihi wake kuwa kuzidi au kupungua kwa 1 hadi chumvi ya 40. Kwa usahihi inazishinda zile za kidijitali nilizozitaja, na kwa matangi ya ndani naiweka ya kwanza bila kusita. Kando ya bwawa inashuka daraja kwa sababu elektrodi zake, yaani ncha zinazogusa maji, huziba kwa tope na ukungu, na kuisawazisha kunahitaji vipakiti vya maji maalumu ambavyo aghalabu huagizwa kutoka nje. Ule mchanganyiko wa chumvi ya mezani nilioutaja haufai kwa kalamu hii.

Ya nne ni hidromita ya plastiki, yenye mkono unaopanda na kushuka kufuatana na uzito wa maji. Kiputo kimoja cha hewa kikishika kwenye mkono huo, jibu hupotea. Sishauri mtu aitegemee.

Chochote utakachonunua, omba na chupa ndogo yenye kizibo kilichofungwa kamba. Baada ya mvua kubwa maji ya mvua yasiyo na chumvi huelea juu ya maji ya chumvi, na anayechota kwa kiganja juu juu atapata namba ya mvua, huku jongoo na kaa wakiwa chini katika maji mengine kabisa. Zamisha chupa hadi karibu na tope, vuta kamba izibuke, kisha pima matone ya chini na ya juu na uandike namba zote mbili. Ukitumia ya kidijitali, kifunike kisima kwa kiganja wakati wa kusoma, kwa kuwa jua kali huingilia mwanga wake, halafu ukioshe kwa maji safi na kukikausha kwa kitambaa laini kabla chumvi haijagandia.