RustDesk kwenye Mac, iko poa sana ila ruhusa kwanza

Mi niko Njiro, Arusha, dada yuko Moshi na MacBook ya dukani kwake, zamani ikisumbua lazima nipande Kosta, sasa namalizia hukuhuku kwa RustDesk, programu ya kuona na kuendesha kompyuta ya mtu ukiwa mbali, na ni ya bure. Siku ya kwanza niliona wolpepa tu na mausi haisogei, kumbe mwenye Mac lazima atoe ruhusa mwenyewe kwenye setingi za faragha, ya kurekodi skrini (ilianza na Catalina, toleo la mfumo wa Mac la 2019) ndo uone, ya aksesibiliti ndo ushike mausi na kibodi, halafu anafunga programu anafungua tena. Mi naona ni sahihi kabisa, usimpe ruhusa hizo mtu usiyemjua hata akijiita fundi wa benki. Naipa nyota nne, bando likiwa dogo picha inakwamakwama.