TAHADHARI: vitamini za laivu "zisizo na gluteni", kwaruza stika kwanza

Wazazi wenzangu na yeyote asiyekula ngano hapa Nairobi, chungeni sana. Kuna jamaa anauza vitamini kwa laivu za usiku, ana kachumba ka eksibisheni huko chini ya tao, na jina la ukurasa linabadilika kila wiki so hata nikiwapa la leo halitawasaidia, shikeni tu mbinu zake.

Binti yangu ana seliaki, yaani utumbo wake unadhuriwa na gluteni, ile protini iliyo kwa ngano na shayiri. Wenye hii shida mnajua vile ngano ikishaharibu utumbo chakula hakishiki, damu inapungua, vitamini D nayo iko chini. Daktari akasema apate maltivitamini yenye madini ya chuma, na isiwe na gluteni. Kwa kemisti mkebe ni 5,200, huyu akasema 2,800 na boda ni juu yake. Nikalipa kwa till, ikaleta jina la mtu mwingine kabisa, hapo ndio ningeshtuka lakini wapi, bei ilikuwa imenipofusha.

Siku ya nne mtoto tumbo limefura, anaharisha, shule haendi. Nikashuku sufuria (ana yake peke yake ila cucu yake akija anapikia chochote popote, hiyo tuachie hapo). Halafu nikashika ule mkebe karibu na dirisha nikaona ile stika ya kijani, yenye suke la ngano limepigwa mstari, imekaa upande. Nikaikwaruza na kucha. Chini yake, chapa ya kiwandani kabisa: wanga wa ngano, kimea cha shayiri, na kwa herufi nzito INA NGANO. Yaani mtu alikaa chini na makasi akakata stika saizi ya hayo maneno!

Nikampigia, akaniambia "mamii hiyo ni mwili inatoa sumu, mpe tu mpaka mkebe uishe." Nikamtumia picha, tiki mbili za bluu, blok.

Kwa laivu anapenda kusema zimepitishwa na FDA. Uongo mtupu, FDA, ile mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haipitishi virutubisho kabla viuzwe, akikwambia hivyo we toka. Na kitu sikuwa najua, sheria ya huko inalazimisha ngano itajwe kwa lebo lakini shayiri hailazimishwi, so mkebe unaweza kukosa neno ngano na bado ukakumaliza, soma viambato vyote utafute kimea na zile poda za kijani za majani ya shayiri. Wanga wa mahindi hauna neno, lakini wakiandika "wanga" tu bila kusema wa nini, mimi narudisha kwa shelfu. Kampuni yenyewe ikisema haina gluteni, kipimo cha Marekani ni chini ya miligramu 20 kwa kilo, na hayo maneno yanakuwa yamechapishwa pamoja na lebo, sio kubandikwa juu na mtu wa eksibisheni.

Pesa sijarudishiwa. Mkebe sijautupa, picha nimepeleka kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Kama ulinunua kwa laivu angalia pia chini ya mkebe penye tarehe ya kuisha, kwangu hata hapo palikuwa na stika.