Jipu (motokari) ya polisi ya kuzunguka usiku ao polisi ya karibu (police de proximité), gani inatufaa Lubumbashi?
Huku Katuba, komini ya Lubumbashi, saa nane ya usiku ukisikia watu wanapiga masufuria na filimbi, ujue wezi wameingia parsele ya mtu. Jipu ya polisi inatisha kweli, lakini mara ingine inafika bandi wameshatoka, na asubui hakuna anayemjua ata polisi mumoja kwa jina. Polisi ya karibu, ile walijaribu Bukavu, Matadi na Kananga, anatembea kwa miguu, anaikala na bamama wa soko na shefu wa karitye, anajua kona gani taa imekufa. Na sheria ya Kongo ya 2011 juu ya polisi inasema polisi iwe ya kiraia, isikilize watu! Mie nachagua huyu, juu ukimjua unamupigia bila kuogopa kuombwa pesa ya mafuta, ila naye alipwe mushahara kwa wakati.